Uso wa Sydney kwenye Kioo Kikubwa

Kila asubuhi, kabla hajatoa viti nje wala kuwasha jiko la chai, Wamaitha hufuta kioo cha laptop yake. Hutumia kipande cha shuka kuukuu anachokifua mwenyewe na kukianika juu ya mlango wa kibanda. Hufuta kutoka juu kwenda chini, polepole, kisha huinama na kukitazama kioo kwa upande aone kama kuna alama ya kidole iliyobaki. Ikiwepo, hukipulizia pumzi na kuanza tena. Akiridhika ndipo huchomeka waya wa chaja ukutani, maana laptop hiyo bila waya haikai hata muda wa kusoma sentensi moja.

Kibanda chake kiko Rhonda, mtaa mmoja wa Nakuru, katikati ya kinyozi na meza ya shangazi yangu ya vitabu vilivyotumika, ambako mimi hukaa tangu nimalize chuo. Juu ya mlango ameandika kwa rangi ya buluu: PROGRAMU ZA MAZISHI, HARUSI, PASIPOTI. Harusi huja mara mojamoja. Picha za pasipoti huja shule zikifunguliwa. Kinachomlisha ni mazishi.

Mtu akifa huku kwetu, jamaa na majirani hukusanyika nyumbani kwake jioni hadi siku ya kuzika. Katika jioni hizo, pamoja na maombi na michango, lazima programu itengenezwe: karatasi za kukunja zenye picha ya marehemu mbele, maisha yake ndani, na mpangilio wa ibada nyuma. Wengi wanaofanya kazi hii hungoja mtu wa familia awaletee maelezo dukani. Wamaitha huenda mwenyewe. Hupanda hadi Bahati, hadi Dundori, hadi vijiji ambavyo stima hukatika wingu likitokea tu. Hupewa kiti cha plastiki katikati ya waombolezaji, akaweka laptop magotini, wao wakisema na yeye akichapa.

Niliwahi kumsindikiza mara moja, siku ya mvua, nimshikie mwavuli. Mzee mmoja alikuwa amefariki na watoto wake walikuwa wakitoa maneno.

"Andika alikuwa mcheshi," alisema mwana mkubwa.

"Mcheshi? Baba?" dada yake akadakia. "Alikuwa anachekea ng'ombe tu. Wacha uongo, na mzee hata hajazikwa."

"Sasa tuandike nini? Alikuwa mkali?"

"Andika alipenda nidhamu," Wamaitha alisema bila kuinua macho kutoka kwenye laptop. Nyumba nzima ikacheka. Mjane alicheka kuliko wote, na alipomaliza kucheka akalia.

Kisha ikaja zamu ya picha. Watu wengi hufa bila kupigwa picha nzuri. Iliyopo imekatwa kutoka kwa harusi ya mtu mwingine, na mkono usiojulikana umebaki begani kwa marehemu. Au amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Au amevaa fulana ya kampeni. Wamaitha huutoa mkono. Hulifungua jicho. Hupangusa jasho, hufuta chunusi na makovu, huing'arisha ngozi kidogo, na nyuma yake huweka mawingu meupe. Halafu humvalisha. Ndani ya laptop ana nguo zake za kazi: suti ya kijivu, suti ya buluu iliyokolea, nyeusi moja kwa wazee wa kanisa, na kwa akina mama blauzi yenye kola ya lesi. "Mathe, mvalishe ile ya buluu," watu humwambia, na yeye humvalisha. Wako wanaume wengi wa Rhonda na Kaptembwo ambao hawakuwahi kumiliki tai, lakini majirani zao wanawakumbuka ndani ya suti hiyo ya buluu.

Familia zilimpenda kwa hilo. Nimeona mama akiipokea karatasi, akaiweka kifuani na kusema, "Ametoka vizuri. Ametoka kama mtu."

Sydney alikuwa mdogo wake Wamaitha, kitinda mimba wa mama yao. Alienda Uarabuni kuendesha lori la maji na akafia huko. Karatasi ilisema moyo. Sanduku lilipofika lilikuwa limefungwa kwa misumari na utepe, na ilikuwa imeandikwa kwamba lisifunguliwe. Kwetu mtu huagwa kwa kutazamwa uso. Watu hupanga mstari, hata wale waliokosana naye, wanapita na kumwangalia. Mama yao, Nyakio, ambaye sote tulimwita Cucu, yaani nyanya, aliomba wamfungulie sehemu ya uso peke yake. Wazee wa kanisa wakamwambia haiwezekani. Aliweka kiganja juu ya mbao, pale alipokisia kwamba kichwa kiko, na akakaa hivyo mpaka wakamwondoa.

Programu ya mazishi hayo aliitengeneza Wamaitha mwenyewe, peke yake kibandani, mlango ukiwa umerudishwa. Picha ya Sydney ya utu uzima ilikuwa moja tu inayomwonyesha bila miwani ya jua, ile aliyokuwa amemtumia dada yake kwa simu, amesimama kando ya lori lake. Wamaitha ameniambia kwamba siku hiyo hakufikiri. Mikono ilifanya inavyofanya kwa watu wote. Alipomaliza akaihifadhi juu ya ile ya kwanza, ya kwanza ikafutika, kwa sababu laptop aliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa na nafasi ndogo na kila mara ililalamika kwamba imejaa. Baadaye simu yenyewe ikaibiwa sokoni. Hakuona kama amepoteza kitu, kwa kuwa picha aliyobaki nayo ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Mwaka uliofuata macho ya Cucu yakaanza kuharibika. Ulikuwa ule ugonjwa unaokula katikati ya jicho na kuacha kando. Akikutazama moja kwa moja hakuoni, kwa hiyo hugeuza kichwa na kukutazama kwa pembeni, kama kuku anavyoangalia punje. Daktari alimwambia Wamaitha wazi kwamba katikati imekwisha, na kando nako kutaisha, pengine kabla mwaka haujageuka.

Kila Jumapili baada ya kanisa Wamaitha alipanda kwa mama yake Dundori na ile laptop ndogo kwenye mkoba. Aliiweka mezani, akafungua picha ya Sydney, na Cucu akasogea. Kioo cha laptop ile kilikuwa hafifu. Ukikaa mbele yake uliona picha kama iliyoanikwa juani muda mrefu. Ukikaa kando rangi zilijigeuza, pa weusi pakawa peupe. Lakini Cucu aliitafuta pembe yake, akainamisha kichwa, na akatulia.

"Namwona," alikuwa akisema. "Yuko mbali, kama mtu anatoka shambani na ukungu. Lakini ni yeye. Angalia vile amesimamisha shingo."

Na kila mara, kabla hawajaizima, aliongeza neno lilelile. "Mlininyima uso, Wamaitha. Nataka nimwone vizuri mara moja, halafu haya macho yaende yakitaka."

Laptop ile ndogo ikafa siku moja ya Februari. Haikuanguka wala kumwagikiwa, ilikataa tu kuamka. Fundi alifaulu kutoa mafaili na kuyaweka kwenye flash, lakini mashine yenyewe akairudisha akitikisa kichwa. Wamaitha akafunga kibanda, akaniambia, "Cherop, twende town. Wewe umesoma, utanisaidia kuangalia."

Duka alilolijua lilikuwa la kijana mmoja anayeitwa Nasir, ghorofani, karibu na soko. Nasir ana maneno mengi na hachoki. Alituwekea mbili juu ya meza, za bei inayokaribiana, ambayo ndiyo Wamaitha aliiweza.

"Mathe, sikiza," alisema. "Hii ndogo ni mpya kabisa, hata nailoni sijatoa. Ni ya plastiki, ni nyepesi, betri inatoka asubuhi inafika jioni. Hii kubwa imetumika ng'ambo. Ni chuma. Kioo chake ni dirisha, mathe. Ni dirisha! Lakini betri imekufa."

"Si uniwekee betri nyingine?"

"Ya hii hakuna Nakuru. Ukiagiza utalia. Sasa nikuambie kwa lugha ya shamba. Hii ndogo ni kuku wa kienyeji. Inakula kidogo, inatembea mbali, lakini usiingojee mayai makubwa. Hii ingine ni ng'ombe wa gredi. Maziwa iko, lakini ukiitoa kwa zizi imekufa."

Wamaitha hakucheka. Aliinua ile ndogo kwa mkono mmoja, akaipima uzito. Akaiinua ile kubwa, ikahitaji mikono miwili. Alichapa maneno kwenye kila moja. Kibodi ya ile kubwa ilikuwa ya Kijerumani, herufi mbili zimebadilishana mahali, na Nasir alikuwa amebandika vibandiko juu ya vitufe ili kuficha. Jina la mama yake lilitoka "Nzakio".

"Utazoea," Nasir alisema haraka.

"Nikizoea hii, nitakosea kwa zingine zote."

"Kwani unataka kuoa wangapi, mathe? Zoea mmoja."

Alikaa kwenye stuli na kuzitazama zote mbili kwa muda mrefu. Mimi nilijua anachokipima, kwa kuwa alikuwa amekisema njiani. Ile ndogo ndiyo ya kazi. Ingeenda naye kwenye nyumba za waombolezaji, stima iwepo isiwepo, na asingemwomba mtu soketi wakati wanalia. Lakini kioo chake kilikuwa ndugu ya kile kilichokufa. Nafasi yake pia ilikuwa ndogo vilevile, angerudi kufuta picha za watu ili aweke za wengine. Ile kubwa ingemfunga ukutani, ingemvunja mgongo, ingemkosesha Bahati na Dundori yote siku za mvua. Lakini kioo chake.

Akachomoa flash kwenye pochi. "Niwekee picha moja hapa."

"Ya nani?"

"Wewe weka tu."

Aliichagua picha ya mteja fulani, bibi arusi. Hakuichagua ya Sydney. Nasir akaifungua kwenye zote mbili, bega kwa bega. Katika ile ndogo bibi arusi alikuwa mwanamke aliyevaa nyeupe. Katika ile kubwa uliona ushanga mmojammoja, uliona poda ilipoishia shingoni, uliona kwamba alikuwa amelia kabla ya kupigwa picha.

"Cherop," Wamaitha aliniita bila kugeuka. "Wewe unasemaje?"

Nilisema kila moja ina uzuri wake.

"Hiyo ni jibu ya mtu wa digrii," Nasir alisema. "Miaka minne chuo, anakuja kutuambia zote ni nzuri."

Wamaitha alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. Kisha akasimama. "Kazi itanitafuta hata nikiwa kwa ukuta," alisema. "Macho ya mama hayangoji. Nifungie hii kubwa."

Jumapili iliyofuata alinichukua twende naye Dundori, kwa sababu hakuwa bado anajua kupandisha mwanga wa kioo kipya. Kulikuwa baridi, na viazi vilikuwa vimetoa maua meupe mpaka ukingoni mwa msitu. Cucu alitungoja mlangoni. Alikuwa amenawa uso na kupaka mafuta, na kitambaa cha kichwani alichovaa kilikuwa cha kanisani.

"Huyu ndiye Mkalenjin wa vitabu?" aliuliza, akanitazama kwa pembe ya jicho. "Mbona amekonda hivi? Kwani vitabu haviliwi?"

"Mpe viazi, Maitu, atanona," Wamaitha alijibu. Ni hivyo alivyomwita mama yake.

"Atapewa. Lakini kwanza nionyeshe mtoto wangu."

Stima ilikuwepo. Wamaitha alichomeka waya, akaiweka laptop mezani, akavuta kiti cha mama yake karibu kabisa. Mimi nilipandisha mwanga hadi mwisho. Kisha akafungua picha, na uso wa Sydney ukajaa kioo chote, mkubwa kama uso wa mtu aliyeketi mbele yako.

Cucu aligeuza kichwa. Akasogea. Akasogea tena, mpaka pumzi yake ikaacha doa la mvuke kwenye kioo. Hakuwa na haraka. Alianza kwenye kidevu, akapanda, akafika machoni. Hapo akakaa. Halafu akainua kidole na kukiweka juu ya nyusi ya kushoto.

"Iko wapi?"

"Nini, Maitu?"

"Alama. Pale jembe lilimkata."

Ni Cucu aliyenieleza mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni, na alinieleza kwa upole kama vile mtu anavyomwonyesha mgeni mahali pa kunawa. Sydney alikuwa mdogo. Walikuwa wanachimba viazi, yeye Cucu mbele na mtoto nyuma akiokota. Aliinua jembe wakati uleule mtoto alipoinama. Aliteremka naye hadi zahanati akiwa ameifunga nyusi ile kwa kiganja chake, damu ikimwingia kwenye mkono wa sweta. Jeraha lilipona lakini nyusi ilibaki imegawanyika vipande viwili. "Tangu siku hiyo," alisema, "mimi nikimwangalia Sydney naanzia hapo."

Akarudi kwenye kioo. "Na hapa hakuna kitu."

"Niliitoa," Wamaitha alisema. "Ni mimi, Maitu. Ni vile tunafanya kazi. Tunasafisha picha."

"Uliitoa na nini?"

"Na kompyuta. Ile ingine."

"Jeraha ya jembe? Hospitali ilishindwa kuitoa, wewe ukaitoa na kompyuta?"

"Si kwake. Kwa picha."

"Na hii suti? Sydney alinunua suti lini?"

"Ni yangu. Namaanisha, ni ya kazi. Nilimvalisha."

"Na hii rangi? Huyu hajawahi kuchomwa na jua hata siku moja."

Wamaitha alipiga magoti kando ya kiti. Alianza kueleza kwa Kikuyu, haraka, na sikuelewa maneno ila jina la Sydney, ambalo lilirudi na kurudi. Cucu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajivuta nyuma ya kiti na kukunja mikono mapajani. Alipozungumza, alizungumza Kiswahili, pengine kwa ajili yangu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayerudisha mzigo ulioletwa nyumba isiyo yake.

"Huyu ni kijana mzuri. Ana mama yake mahali. Lakini si mtoto wangu."

"Maitu."

"Sanduku halikufunguliwa. Niliwaomba uso tu, mkakataa. Sasa nimejua kwa nini." Akageuza kichwa, akamtafuta binti yake kwa pembe ya jicho mpaka akampata. "Wamaitha, mlizika nani?"

Hatukula viazi siku hiyo. Wamaitha alizima laptop, akaifunga kwenye mkoba, na tukateremka.

Siku zilizofuata nilimwona akifanya kazi moja peke yake, wateja wakimngoja. Alikuwa akijaribu kuirudisha ile alama. Alivuta mstari juu ya nyusi ya Sydney, akaufuta, akavuta mwingine. Kioo kile hakikumhurumia. Kila mstari ulionekana wazi kwamba umechorwa. Mara aliuona mpana, mara mfupi. Mara akaniambia hajui kama kovu lilikata nyusi wima au kwa mshazari. Amekaa na ndugu yake meza moja miaka yote ile, amemwogesha, amembeba mgongoni, na hajui. Alipigia jamaa simu akiomba picha yoyote ya zamani. Waliokuwa nazo walimtumia zile zilizokatwa kwenye programu ya mazishi, za suti ya buluu.

Alipanda tena Dundori na kazi yake. Cucu aliitazama muda mfupi tu.

"Sasa mmemchora," alisema.

Tangu hapo Cucu hakwenda tena kaburini. Kaburi liko nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi, na kwa miaka miwili alikuwa akiling'olea majani kwa mikono yake. Aliwaambia majirani kwamba pale amelala mtoto wa watu, na kwamba anamwombea mama yake popote alipo, maana mama huyo hajui mwanawe yuko wapi. Alimwombea kwa jina la "yule mama mwingine". Na kila Wamaitha alipofika, swali la kwanza lilikuwa kama amejaribu kupiga simu ya Sydney. Mwanzoni Wamaitha alibishana naye. Baadaye akaanza kujibu kwamba haipatikani, na hilo halikuwa uongo.

Mvua za Aprili zilipoisha, kando za macho ya Cucu nazo zilikuwa zimekwisha. Sasa anatambua mchana na usiku tu. Lango likilia huinua kichwa na kutega sikio, na mtu akiingia hungoja asikie sauti kwanza. Wamaitha anasema hicho ndicho kinachomshinda kuliko vyote. Mama yake akisikia kwamba ni yeye, uso wake huanguka kidogo kabla hajamkaribisha.

Kazi nayo ilipungua. Mwezi wa Juni aliitwa kwa msiba Bahati. Familia kubwa, watu wa kutosha, chai ikizunguka. Hakuwa amefungua hata ukurasa wa pili stima ikakatika, na mashine ikazima magotini mwake wakati mjane yuko katikati ya sentensi. Wakangoja. Giza lilipoanza kuingia, shemeji mmoja akasema kwa heshima kwamba watamwita kijana fulani wa pale pale senta, ana laptop ndogo inayokaa na moto. Wamaitha aliwasaidia kumpigia. Hata alimwachia kijana huyo kiti chake.

Bado huwavalisha watu suti, kwa kuwa ndivyo wanavyotaka. Lakini siku hizi, kabla hajaigusa picha yoyote, huiweka ile ya asili kando, mahali pake, na jina la mwenyewe. Wateja hawajui. Mara moja kijana mmoja aliyefiwa na baba alimwambia, "Mathe, toa hiyo kidonda ya buda kwa shavu," na Wamaitha akamwuliza, "Mama yako ameona hii picha?" Kijana akasema mama hana shida. Wamaitha akamwambia akamlete kwanza.

Juzi mchana stima ilikuwa imekatika Rhonda nzima. Kinyozi alikuwa amefunga. Wamaitha alikaa mlangoni pake na ile laptop kubwa imezima juu ya meza nyuma yake, akichambua mboga kwenye sinia. Mimi nilivuta stuli yangu nikakaa kando yake, nikamsaidia kutoa mabua. Hatukuwa na la kufanya. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimesikiliza tu, maana sijui kuuliza watu mambo yao, na yeye alikuwa akinieleza mwenyewe alipotaka. Lakini swali moja nilikuwa nalo tangu Jumapili ile, na siku hiyo likanitoka.

"Auntie, ukirudi leo dukani kwa Nasir, na ziko zote mbili pale, utachukua gani?"

Aliendelea na mboga mpaka akamaliza lile shada.

"Ile ndogo," alisema. "Kwa kile kioo kibaya mama alikuwa anamwona."